Namba Utakayopokea

Februari, Winnipeg, ishirini na tisa chini ya sifuri,
na basi la njano la shule limegoma kuwaka,
kwa hiyo Bi. Friesen katupakia kwenye gari lake,
Jericho mbele na mfuko wa mikate ya mama yake,
sisi watatu nyuma, magoti kwa magoti,
tukivunjavunja namba za magari yanayotupita.
Mia tatu tisini na moja!
Kumi na saba mara ishirini na tatu, anasema Darya,
kabla taa za nyuma hazijamezwa na theluji.

Kila Alhamisi, chumba mia na kumi na nne,
wenzetu wakiwa kwenye barafu na magongo yao,
sisi hugombania pembe moja ya pembetatu
na nani kala biskuti ya mwisho.
Mwaka wangu wa kwanza sikusema neno humo.
Nilihesabu kwa Kiswahili, nikajibu kwa chaki.
Hakuna aliyeuliza jibu limepitia njia gani.

Leo ni mbio za kupokezana.
Viti vinne, mstari mmoja, kisogo kwa uso.
Wa kwanza anafumbua, anaandika namba,
anaipitisha nyuma bila kugeuka, bila kukohoa.
Swali langu linaanza hivi:
*T ni namba utakayopokea.*
Sijaipokea bado, na tayari naitegemea.

Bega la Darya likacheza. Kikaratasi.
Hamsini na nne, nne yake ile yenye paa.
Namba zote, kuanzia moja, zisizozidi T,
zinazogawanyika kwa tatu: tafuta wastani wake.
Sekunde kumi hazikufika.
Ishirini na nane na nusu.

Nusu?
Nikaitazama ile nusu
kama mgeni aliyevua kiatu kimoja tu mlangoni.
Mashindano makubwa hivi, ukumbi wa chuo, saa ya ukutani,
majaji na vikombe vyao vya kahawa,
halafu jibu liwe na nusu?
Darya kakosea, nikajiambia. Kapitiliza tatu.
Hamsini na moja ingekaa vizuri, ingeleta ishirini na saba,
namba nzima, iliyooga, iliyochana nywele.
Mbele yangu shingo ya Darya, ukosi wa sweta umegeuka,
na siruhusiwi hata kumgusa.
Nyuma yangu Anselm anapumua, anangoja.

Nikaandika ishirini na saba.
Nikaipitisha nyuma.

Unajua kilichotokea.
Darya hakukosea. Wala Jericho.
Anselm kakokotoa sawasawa juu ya uongo wangu
akafika mahali pasipokuwapo.
Safu ya Brandon ikashangilia.
Bi. Friesen akatugawia mikate, wa kwangu mkubwa kidogo,
na huo ukubwa ndio ulioniuma.

Garini Darya hakuniangalia mpaka daraja la mto.
Halafu: "Nne yangu haisomeki?"
"Inasomeka," nikasema.
"Basi?"
"Ilileta nusu."
Akafikiri. Magari mawili yakapita, hakuyavunja.
"Nani kakwambia nusu si jibu?"
Jericho akacheka kwanza, na mkate mdomoni,
kisha sote, hata Anselm, ambaye alikuwa na haki ya kununa.

Nyumbani Mama bado kavaa sare ya kiwanda cha kuku.
Hakuuliza tumekuwa wa ngapi.
Akaniwekea chai, akakaa, akavua soksi.
"Kitendawili."
"Tega."
"Nusu yake hujaza uwanja."
Nikatafuta. Nikagawanya, nikazidisha,
nikaweka T, nikaiondoa.
"Umeshindwa. Nipe mji."
Nikampa Winnipeg.
"Huo rudisha," akasema, "una baridi. Nipe mwingine."
Nikampa Brandon, kwa hasira.

Akaupokea. Akanyoosha mkono, akavuta pazia,
na theluji ya uani ikawa nyeupe pe,
mpaka chini ya magari, mpaka kwenye waya za uzio,
ningeweza kuhesabu kila kijiti.